Hisa za kampuni ndogo: Bei inavyopikwa, na nani hubaki na mzigo

HISA ya kampuni ndogo inaweza kupanda bei maradufu katika siku 15 za soko bila kampuni yenyewe kuongeza mauzo, kufungua tawi wala kupata faida mpya. Kinachotakiwa ni watu watatu wanaoelewana, hisa chache zinazozunguka, na wananchi wanaoamini kwamba bei ikipanda lazima iko sababu. Gharama ya kuipandisha, kama hesabu itakavyoonyesha hapa chini, inaweza isifike hata Sh 100,000.

Jambo hilo linawahusu wafanyabiashara wa Moshi na vitongoji vyake, kuanzia masoko ya Mbuyuni na Memorial hadi Himo, Marangu na Rombo. Zamani mwenye akiba mkoani Kilimanjaro alikuwa na njia chache za kuiweka: kununua kiwanja, kuongeza ng'ombe, kujenga nyumba kihambani, au kupeleka fedha benki na kwenye ushirika. Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) lilipoanza mauzo Aprili 15, 1998, likiwa na kampuni moja tu, TOL, hisa zilikuwa habari za watu wa Dar es Salaam na madalali wao. Siku hizi mtu huagiza hisa kwa simu akiwa amekaa dukani kwake. Njia imefupishwa kwa mnunuzi wa kweli, lakini imefupishwa pia kwa tapeli.

Ikumbukwe kwamba kampuni ndogo si lazima iwe mbovu. Mwaka 2013 DSE lilifungua dirisha maalumu la kukuza ujasiriamali, linalojulikana kwa kifupi kama EGM, ili kampuni changa zisizo na historia ndefu ya faida zipate mtaji wa wananchi. Maendeleo Bank ndiyo iliyotangulia kuorodheshwa humo mwaka huo huo. Shabaha ilikuwa njema, na kampuni nyingi kubwa duniani zilianza zikiwa ndogo. Hatari iko kwenye uchache wa hisa zinazouzwa na kununuliwa kila siku.

BEI YA UBAONI NI YA HISA ZIPI?

Watu wengi wakiona hisa imeandikwa Sh 400 hudhani kwamba kila hisa ya kampuni hiyo ina thamani ya Sh 400. Sivyo. Bei inayotangazwa hutokana na hisa chache zilizouzwa siku hiyo. Mfanyabiashara wa nafaka wa Mbuyuni hahitaji kufundishwa jambo hili. Mtu mmoja mwenye shida ya haraka akinunua gunia moja la maharage kwa bei ya juu asubuhi, mwenye magunia 500 ghalani hawezi kusema kwamba yote yamepanda. Akiyatoa yote sokoni jioni ile ile, ataona bei ya kweli.

Katika kampuni kubwa yenye maelfu ya wanunuzi na wauzaji, si rahisi kundi dogo kuisukuma bei kwa muda mrefu. Katika kampuni ambayo hukaa siku tatu bila hisa hata moja kuuzwa, mtu mmoja tu anatosha.

Chukua mfano wa kampuni ya kufikirika yenye hisa milioni 10. Waanzilishi wanashikilia milioni 9 na hawauzi. Hisa milioni moja ziko mikononi mwa wananchi. Watu watatu wananunua polepole, kwa miezi kadhaa, hisa 600,000 kwa wastani wa Sh 200. Wametumia Sh milioni 120. Zinabaki hisa 400,000 za watu waliozinunua siku nyingi, ambao wengi wao hata hawakumbuki walikoweka karatasi zake.

Sasa kazi ya kupika bei inaanza. Tuseme kanuni za soko haziruhusu hisa kupanda zaidi ya asilimia 5 kwa siku. Kila siku mmoja wa wale watatu anauza hisa 500, na mwenzake ananunua kwa bei ya juu kabisa inayoruhusiwa siku hiyo. Siku ya kwanza bei ni Sh 210, ya pili Sh 220.50, na kuendelea. Siku ya 15 bei imefika takriban Sh 416. Jumla ya hisa zilizopita mkononi ni 7,500 tu, zenye thamani ya Sh milioni 2 na robo hivi, na fedha hizo hazikutoka nje ya kundi. Zilihama kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Ikiwa ada zote za mauzo ni asilimia 2 kwa kila upande, kundi limepoteza takriban Sh 91,000.

Kwa Sh 91,000 thamani ya kampuni nzima kwenye taarifa za soko imepanda kutoka Sh bilioni 2 hadi zaidi ya Sh bilioni 4. Hakuna kilichobadilika kiwandani wala kwenye mizania. Kilichobadilika ni tarakimu kwenye jedwali, na tarakimu hiyo ndiyo chambo.

MZIGO UNAVYOHAMISHWA

Bei iliyopikwa haina faida kwa mpishi mpaka apatikane wa kuila. Wale watatu wana hisa 600,000, na wakizimwaga sokoni kwa siku moja bei itaanguka. Kwa hiyo wanahitaji wanunuzi wengi wadogo, wanaokuja mmoja mmoja, wakiwa na haraka. Hapo ndipo habari zinapoanza kutembea.

Habari hizo zina sura zinazofanana kila mahali. Kampuni iko karibu kupata mkataba mkubwa. Mwekezaji kutoka nje anataka kuinunua. Gawio la mwaka huu litakuwa la ajabu. Madini yamepatikana. Sehemu ya habari huwa ya kweli, kwa sababu uongo mtupu hauuziki. Kisha huongezwa neno linalomfunga msikilizaji mdomo: "Hii ni habari ya ndani, usimwambie mtu."

Kwa mkoa wa Kilimanjaro, wakati mzuri kwa kazi hiyo ni Desemba. Watu wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na nchi za nje. Fedha zipo, vikao vya ukoo vipo, na mazungumzo ya maendeleo hayakosekani. Mwenye duka la vipuri mjini Moshi anapigiwa simu na mtoto wa shangazi yake: "Mangi, hisa ilikuwa mia mbili mwezi uliopita, leo ni mia nne. Wewe unangoja nini?" Anayepiga simu mara nyingi si tapeli. Naye ameambiwa na mtu anayemwamini, na amekwisha kuweka fedha zake. Ndiyo maana maneno yake yana nguvu kuliko tangazo la gazeti.

Mwenye duka anachukua Sh milioni 2 alizotenga kwa ada ya watoto ya Januari, akiamini atazirudisha zikiwa zimezaa. Anapata hisa 5,000 kwa Sh 400. Siku mbili tatu bei inapanda kidogo na moyo unatulia. Anawaambia wenzake wawili. Hajui kwamba hisa alizouziwa zimetoka kwa wale wale watatu, ambao kila anapokuja mnunuzi mgeni wao wanatoa mzigo. Wakifanikiwa kuuza hisa zote 600,000 kwa wastani wa Sh 350, watapata Sh milioni 210 kwa mtaji wa Sh milioni 120. Baada ya ada bado wana zaidi ya Sh milioni 83.

Siku wanapomaliza, hakuna tena wa kuitegemeza bei. Simu zinapungua na habari za mkataba zinakufa kimya kimya. Mwenye duka anapotaka kuuza ili alipe ada, anakuta upande wa wanunuzi hauna mtu. Anapunguza bei, na bado hakuna. Februari hisa inauzwa Sh 160, na Sh milioni 2 zake zimekuwa Sh 800,000, akibahatika kupata mnunuzi wa hisa zote 5,000.

Hasara ya aina hiyo haionekani kama wizi. Hakuna mlango uliovunjwa, na kila karatasi ina saini yake. Wengi humlaumu mtoto wa shangazi, au hujilaumu wenyewe, na kesi haifiki popote.

YALIYOTOKEA KWINGINE

Mbinu hizi si ngeni duniani. Nchini Marekani, tume ya masoko ya mitaji (SEC) ilimalizana Septemba 2000 na kijana wa New Jersey, Jonathan Lebed, aliyekuwa na umri wa miaka 15. Kijana huyo alikuwa akinunua hisa za kampuni ndogo zenye wanunuzi wachache, kisha anaeneza mamia ya ujumbe kwa majina mbalimbali kwenye intaneti kwamba hisa hizo zitapaa, na kuziuza mara bei ilipopanda. Alirudisha dola 285,000, riba ikiwemo, bila kukiri wala kukana makosa. Kama mtoto wa shule akiwa chumbani kwake aliweza kuitikisa bei, hakuna sababu ya kudhani kwamba watu wazima wenye mtaji watashindwa.

Kisa cha kampuni ya Bre-X ya Kanada kilikuwa kikubwa zaidi. Ilianza kama kampuni ndogo ya utafutaji madini ambayo hisa yake iliuzwa kwa senti. Katikati ya miaka ya 1990 ilitangaza kwamba imepata dhahabu nyingi mno huko Busang, Indonesia. Hisa ilipanda hadi kupita dola 280 za Kanada, kwa hesabu ya kabla ya kila hisa kugawanywa kuwa kumi, na thamani ya kampuni ikafika takriban dola bilioni 6 za nchi hiyo. Mwezi Mei 1997 wakaguzi wa kujitegemea walitangaza kwamba sampuli za mwamba zilikuwa zimetiwa dhahabu ya kutoka nje. Hisa ikawa haina thamani, na hakuna aliyetiwa hatiani kwa jinai.

Kwa msomaji wa Kilimanjaro kisa hicho si cha mbali. Miaka hiyo hiyo kampuni ndogo za Kanada zilikuwa zikitafuta dhahabu katika Kanda ya Ziwa, na baadhi zilipata dhahabu ya kweli. Tofauti kati ya kampuni yenye mwamba na kampuni yenye maneno haikuonekana kwenye bei, kwa sababu zote mbili zilipanda. Ilionekana pale mtu asiye na hisa alipopewa nafasi ya kupima mwenyewe.

AFRIKA MASHARIKI NAYO

Nchini Kenya, tatizo lililowaumiza wawekezaji wadogo mwaka 2007 na 2008 lilihusu madalali wenyewe. Kampuni ya udalali ya Francis Thuo & Partners ilianguka mwaka 2007, na Machi 2008 Nyaga Stockbrokers iliwekwa chini ya usimamizi maalumu baada ya kugundulika kwamba hisa za wateja ziliuzwa bila ruhusa yao. Wateja walikuwa maelfu. Mfuko wa fidia wa wawekezaji ulikuwa na kikomo cha Sh 50,000 za Kenya kwa mtu mmoja. Aliyekuwa na hisa za Sh 30,000 alipata nafuu. Aliyeweka kiinua mgongo chote, kikomo hicho kilimwachia pengo kubwa.

Kabla ya hapo, Juni 2006, mtandao wa maduka ya Uchumi ulifungwa na hisa zake zikasimamishwa sokoni Nairobi. Zilirejea mwaka 2011. Kesi ya madai kwamba hisa hizo ziliuzwa kwa kutumia habari za ndani iliisha kwa mshtakiwa kuachiwa huru. Funzo lake ni kwamba sheria kuwepo ni jambo moja, na kuthibitisha mbele ya hakimu kwamba fulani alijua nini na tarehe ipi ni jambo jingine.

Hapa Tanzania, kampuni ya uwekezaji ya NICOL, iliyokusanya mtaji kutoka kwa maelfu ya wananchi, iliorodheshwa DSE mwaka 2008, ikaondolewa mwaka 2011 baada ya kushindwa kutimiza masharti ya soko, na ikarudi mwaka 2018. Hiyo haikuwa kesi ya kupika bei, na haielezwi hapa kama mfano wa utapeli. Inaelezwa kwa sababu inaonyesha jambo ambalo mnunuzi mdogo hulisahau: mlango wa kutokea unaweza kufungwa kwa miaka. Aliyekuwa na mgonjwa au mtoto wa chuo mwaka 2013 alikuwa na hisa, lakini hakuwa na soko la kuziuzia.

Halafu kuna DECI. Haikuwa kampuni ya hisa, ila iliwafundisha Watanzania wengi somo lile lile kwa gharama kubwa. Wanachama "walipanda mbegu" na kuahidiwa mavuno, na mavuno ya waliotangulia yalitoka kwa waliofuata. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Bei ya hisa iliyopikwa hufanya kazi kwa hesabu hiyo hiyo. Faida ya wa kwanza ni fedha ya wa mwisho, isipokuwa kwenye hisa kuna jina la kampuni halisi la kufunikia.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994 ndiyo iliyounda mamlaka ya kusimamia masoko hayo nchini, CMSA. Sheria inakataza mauzo ya uongo yanayofanywa ili ionekane kwamba hisa ina wanunuzi wengi. Inakataza pia kupanga bei kwa njama, kutoa taarifa za kupotosha ili kumvuta mtu anunue au auze, na kufanya biashara ya hisa kwa habari za ndani ambazo wananchi hawajatangaziwa. Dalali na mshauri wa uwekezaji ni lazima wawe na leseni ya CMSA. Kampuni inayotaka kuuza hisa kwa umma lazima itoe waraka wa matarajio ulioidhinishwa na mamlaka hiyo.

Kipengele hicho cha mwisho kinawahusu sana watu wa mikoani. Mara nyingi hisa zinazotembezwa mitaani ni za kampuni ambayo haijaorodheshwa, na muuzaji huahidi kwamba "itaingia sokoni mwakani". Hisa hiyo haina bei ya ubaoni hata ya kupikwa. Bei yake ni ile anayoitaja muuzaji, na siku ya kuiuza mnunuzi pekee anayejulikana ni muuzaji huyo huyo.

Hata hivyo, sheria humfikia mwenye hasara akiwa amechelewa. Uchunguzi huanza baada ya bei kuanguka, na fedha zilizotoka kwa mapenzi ya mwenyewe ni ngumu kurudi. Mifuko ya fidia hulenga dalali aliyetoweka na mali ya mteja, wala haimlipi mtu kwa sababu bei imeshuka. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni macho ya mnunuzi kabla hajalipa.

JINSI YA KULISOMA JEDWALI

Taarifa ya soko ya kila siku ina mambo mengi kuliko bei, na mengi ya hayo ndiyo yanayomfichua mpishi.

La kwanza ni idadi ya hisa zilizouzwa. Bei iliyopanda kwa hisa 500 si sawa na bei iliyopanda kwa hisa 500,000. Mwekezaji aangalie wiki nne au sita mfululizo. Akiona hisa imepanda kila siku kwa kiwango cha juu kinachoruhusiwa huku kiasi kinachouzwa ni kidogo na kinakaribiana kila siku, ajue kwamba mtindo huo haufanani na wa wanunuzi wa kawaida, ambao huja leo wengi na kesho wasionekane.

La pili ni idadi ya mikataba. Hisa 50,000 zilizouzwa kwa mikataba 60 zina watu wengi nyuma yake. Hisa 50,000 kwa mkataba mmoja ni watu wawili waliokubaliana. Makubaliano hayo yanaweza kuwa halali kabisa, lakini hayamwambii mtu wa tatu kwamba soko zima linaitaka hisa hiyo.

La tatu ni maombi yaliyobaki baada ya soko kufungwa, ya kununua na ya kuuza. Hapa ndipo mlango wa kutokea unapoonekana. Ikiwa wanaotaka kununua wamebakisha maombi ya hisa 2,000 na wanaotaka kuuza wamebakisha 90,000, mtu anayeingia na hisa 5,000 ajiulize siku ya kuuza atasimama foleni nyuma ya nani.

La nne ni thamani ya kampuni nzima ikilinganishwa na faida yake. Kampuni ya mfano hapo juu ilipofika Sh bilioni 4.1, kama faida yake ya mwaka ilikuwa Sh milioni 40, mnunuzi alikuwa akilipa faida ya zaidi ya miaka 100. Hesabu hii haihitaji mtaalamu. Mwenye duka huifanya kila anaponunua biashara ya mwenzake: inaingiza kiasi gani kwa mwaka, na fedha yangu itarudi lini?

La tano ni tarehe za hesabu zilizokaguliwa. Kampuni inayochelewa kutoa hesabu huku hisa yake inapaa inastahili kuulizwa maswali. Na habari kubwa ya kweli, kama mkataba au mnunuzi wa nje, hutangazwa kwa wote kupitia soko. Habari inayomfikia mtu kwa kunong'onezwa ni ya aina mbili tu. Kama ni uongo, atapoteza fedha. Kama ni kweli na bado haijatangazwa, kuitumia ni kosa la jinai.

KABLA YA KULIPA

Wazoefu wa soko wana taratibu chache ambazo haziigharimu fedha wala elimu kubwa. Anayeuza athibitishwe kwa CMSA kwamba ana leseni. Fedha ziende kwenye akaunti ya kampuni ya udalali, kamwe si kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Hisa ziingizwe kwenye akaunti ya hifadhi ya dhamana yenye jina la mnunuzi mwenyewe, na taarifa ya akaunti hiyo iombwe mara kwa mara, kwani wateja wengi wa madalali walioanguka Nairobi waligundua wakiwa wamechelewa kwamba hisa zao hazipo. Na katika hisa yenye wanunuzi wachache, mtu aweke kiasi ambacho anaweza kukisahau kwa miaka mitatu. Ada ya Januari haimo katika kundi hilo, wala fedha za SACCOS za kukopa.

Kuna jaribio jingine rahisi. Mnunuzi amwombe dalali amuuzie kiasi kidogo, kisha baada ya wiki mbili ajaribu kukiuza. Ikichukua siku moja kununua na wiki sita kuuza, amejua kila alichohitaji kukijua kuhusu hisa hiyo, na somo limemgharimu kidogo.

Watu wa Moshi wana shule yao ya zamani katika mambo haya. Kwa miongo mingi kahawa ya mlimani imeuzwa kwenye mnada mjini hapa, na siku zote mnunuzi hupata sampuli kabla ya mnada. Huikaanga, huisaga, huionja, hutema, huandika alama zake, ndipo huingia ukumbini. Hakuna mnunuzi mzoefu anayepandisha dau kwa sababu tu jirani yake amepandisha, maana anajua jirani anaweza kuwa mwenye mzigo. Sampuli ya hisa ni hesabu zake zilizokaguliwa, kiasi kinachouzwa kila siku na orodha ya wanaotaka kununua. Vyote vinapatikana kabla ya kulipa, na asiyeonja mapema huja kuonja mwezi wa Februari.